Kabureta

Pikipiki ya baba ni FN ya Wabelgiji,
inanizidi umri kwa miaka ishirini na tatu.
Tangi lake jekundu limegeuka rangi ya udongo wa Katuba,
na pale palipokuwa na kabureta pana kitambaa,
kimesokomezwa kama kwenye kinywa cha mtu aliyekatazwa kusema.

Nilianzia Kenya (soko letu, si nchi),
meza za vyuma nyuma ya wauza viatu vya mitumba.
Kijana akanifungulia boksi, nailoni bado inang'aa:
"Mama, hii orijino, imeshuka jana kutoka Dubai."
Nikaikwaruza kwa ukucha. Ikakwaruzika.
Ukucha wa mwalimu, uliolainishwa na chaki!
Nikamrudishia. Akacheka: "Kwani unajenga kanisa?"

Tangu hapo nimejifunza mengi.
Ringi ya pistoni hainunuliwi kwa macho:
ibane kidogo, iachie,
uone kama inalikumbuka umbo lake.
Beringi izungushe karibu na sikio;
ikinong'ona, lipa. Ikitafuna mchanga, iweke chini
na umuulize muuzaji hali ya watoto wake,
usije ukaondoka hapo na ugomvi.
Kisimba, aliyechonga vyuma mgodini miaka ishirini na sita
(sita ya mwisho bila mshahara),
hugonga kila kitu kwa bisibisi na kutega kichwa.
"Kizuri hulia," husema. "Kibaya hukohoa."
Mnyororo niliouleta kutoka Likasi ulilia.
Plagi tatu za Kasumbalesa zilikohoa,
hata ile iliyoandikwa Ujerumani.

Lakini kabureta.
Kisimba alinichongea bushi, boliti, mkono wa klachi.
Kabureta akakataa.
"Ile ni pafu. Pafu sichongi."

Akanielekeza Kamalondo, kwa Mama Yowa,
mjane wa mtu aliyekuwa akinunua vyuma miaka ile
watu walipouza hata milango.
Nikakuta kitanda kimeinuliwa juu ya matofali,
chini yake giza lenye harufu ya oili ya zamani.
Methali niliyowafundisha darasa la tano mpaka ikanichosha
siku hiyo niliitenda kwa magoti:
nikainama, nikavuta kreti la bia,
magazeti, mende, taa isiyo na kioo,
na ndani ya soksi ya mchezaji mpira
kitu kizito kuliko ukubwa wake.

Sindano imenyooka.
Boya nikalitikisa sikioni: kavu, halina tobo.
Nikaigeuza kwenye mwanga wa mlango.
Ubavuni mtu alikuwa amechora kwa msumari
K.M., na mwaka, tisini na tano.
Ile K yenye mguu mrefu unaoburuza.
Naijua. Ilikaa chini ya kila ripoti yangu ya shule,
kwenye nafasi ya sahihi ya mzazi.

"Alikuja nayo mwenyewe," alisema Mama Yowa,
hakuacha kuchambua lengalenga.
"Aliifuta kwa shati. Shati jeupe!
Mume wangu akamwambia, ningoje, nikupe kitambaa.
Hakungoja."

Septemba ile nilirudi shule na viatu.
Baba akaanza kwenda kazini kwa miguu,
akatuambia ni ushauri wa daktari,
na sisi tukamtania njia nzima ya jioni,
tukihesabu hatua zake kwa sauti.

"Dola thelathini."
Mimi ninayebishania hata fungu la nyanya
nikahesabu thelathini.

Kisimba sikumwambia kitu.
Aliigonga mara moja, akatega kichwa,
akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake,
kisha akanikabidhi kwa mikono miwili.

Bado natafuta kioo cha taa.